Mbu Mmoja, Nyumba Mbili

Siku aliyopanda kilima cha kwao na bango limekunjwa begani, Memaching alikuwa na furaha ya mtu anayeleta zawadi bila kuwauliza wenyewe kama wanaitaka. Msimu wa mvua uliopita, watu wa maabara yao ya jiji la Chattogram walikuwa wamezunguka vitongoji vya milimani wakichukua damu ya kila aliyepimwa akakutwa na malaria. Sasa mvua zimekwisha, mpunga umeshavunwa, sikukuu ya kumaliza mfungo wa watawa imepita juzi tu, na waume waliokwenda viwandani mjini bado wako nyumbani wakinywa na kulala. Ulikuwa wakati mzuri wa kurudisha majibu. Kanuni hiyo Memaching aliipigania mwenyewe mbele ya mkuu wake: ukichukua damu ya watu, warudie uwaambie umeona nini ndani yake. Kanuni nzuri kabisa. Ila hakuna aliyemwambia kwamba yapo mambo ambayo mtu huyaona ndani ya damu ya mwenzake akayanyamazia.

Hakuwa mgeni pale. Kitovu chake kilizikwa chini ya kilima hichohicho, kabla baba yake hajampeleka shule ya bweni mjini Bandarban akiwa na meno ya utotoni. Akasoma, akasoma tena, hadi akawa anasoma kitu ambacho wenzake wa kitongojini hawakujua kama kinasomeka: vinasaba vya vimelea vya malaria. Shangazi zake walimwita Daktari kwa utani, kwa sababu ukimwendea na kikohozi hana dawa ya kukupa.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Damu ya mgonjwa ikifika maabara, karibu kila kilichomo ni cha mgonjwa. Kimelea ni mpangaji tu aliyejibanza chumbani. Maabara humtoa mwenye nyumba, akabaki mpangaji, kisha mashine humsoma mpangaji huyo herufi kwa herufi, mamilioni ya herufi. Sasa, vimelea vikikutana ndani ya tumbo la mbu huchanganya mbegu, na watoto wao hutoka kila mmoja na sura yake. Kwa hiyo ukikuta wagonjwa wawili wana vimelea vilivyofanana mwanzo hadi mwisho, karibu hakika mbu mmoja aliwauma wote wawili.

Ndivyo alivyomkuta Hlanue. Kompyuta ilionyesha jozi moja tu ya pacha katika kitongoji kizima. Damu ya kwanza ilitoka nyumba ya mwisho kabisa, karibu na kisima, na Memaching hakuhitaji jina ili ajue ni kwa Hlanue, aliyekuwa akilala naye mkeka mmoja kila likizo walipokuwa wasichana. Damu ya pili ilitoka ng'ambo ya kijito, kwenye nyumba iliyosimama peke yake, ya Chaisui, mgane aliyefiwa na mkewe miaka miwili iliyopita. Mume wa Hlanue, Mongsa, alikuwa Chattogram mwaka mzima akishona mashati ya watu wa nchi za nje.

Memaching alitazama kioo cha kompyuta, akacheka peke yake.

"Hlanue, wewe!" alisema.

Kicheko kilikuwa cha udaku, wala hakikumkera. Kwenye ramani ya kitongoji alichora mstari mwekundu mnene kati ya nyumba hizo mbili, kwa sababu ndio uliokuwa mstari mzuri kuliko yote katika kazi yake, na mkuu wake aliupenda. Majina yalitolewa, nyumba zikawa vitone, na kila mtu pale ofisini akaona kwamba siri za wagonjwa zimehifadhiwa.

Bango lilitundikwa uwanjani kwa Karbari Thowai, mkuu wa kitongoji, mzee mpole aliyechukia kelele kuliko alivyochukia wizi. Watu walijaa. Hlanue na wanawake wengine walikuwa wakigawa chai.

"Hii nyumba ya mbele ni ya nani?" aliuliza Bibi Aprue, kiko kikiwa pembeni mwa mdomo. Bibi huyu alikuwa hana aibu ya mtu wala ya mtawa.

"Bibi, hatutaji majina. Ni siri ya mgonjwa."

"Siri gani? Huu si mto? Hili si hekalu? Basi hii ni ya Karbari, maana imejiweka mbele ya wenzake kama kawaida yake."

Watu walicheka, na Karbari naye akacheka. Dakika chache tu kila mtu alikuwa ameshaipata nyumba yake, na watoto walikuwa wakisukumana kuigusa. Memaching alilitazama bango lake upya. Vitone vile visivyo na majina, ambavyo kule mjini havikumwambia mtu kitu, hapa vilikuwa vinasomeka kuliko gazeti.

"Na mistari?" aliuliza Karbari.

Ulikuwa bado upo mwanya wa kukunja bango. Hakulikunja. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yake.

"Mstari unaunganisha nyumba ambazo vimelea vyao ni ndugu. Mwembamba, ni binamu. Mwekundu mnene, ni pacha. Maana yake mbu mmoja aliwauma wote wawili."

"Mwekundu ni mmoja tu," alisema Bibi Aprue, akaufuata kwa mpini wa kiko. "Unaanzia hapa kisimani, kwa Mongsa. Unapita kitongoji kizima. Unavuka kijito. Unaingia... kwa Chaisui! Ala! Huyu si mbu, huyu ni mshenga!"

Kicheko kililipuka. Kikazimika palepale, maana Mongsa alikuwa amesimama.

"Daktari," alisema taratibu, "mimi ni mtu wa cherehani, nisamehe. Huyo mbu aliruka juu ya nyumba zote hizi, hakumuuma hata mmoja hapo katikati, akaenda moja kwa moja kwa mgane?"

"Mbu huruka mbali, kaka."

"Hilo nimelisikia. Nimeuliza kwa nini hakutua."

Chaisui aliinuka, akasema, "Karbari, mimi sijui kitu," na jinsi alivyolisema kwa haraka, hata waliokuwa hawajafikiri wakaanza kufikiri. Hlanue aliweka birika chini. Hakumtazama mumewe wala Chaisui. Alimtazama Memaching, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Binti yake, Nini, alikuwa ameshika upindo wa sarong yake.

Memaching aligeuka, akajifanya anarekebisha kamba ya bango.

"Kesho asubuhi tutaliketia shauri hili," alisema Karbari. Kila mtu alijua maana yake. Likionekana ni kweli, Chaisui atatozwa nguruwe, na Hlanue atarudishwa kwa mama yake kitongoji cha pili, mikono mitupu, na Nini atabaki kwa kina Mongsa.

Alasiri ile Memaching alijikunyata kwenye baraza ya mianzi kwa mjomba wake, na wali wenye nappi, ule uduvi wa kusaga uliochacha, ukampoa mbele. Mjomba alikuwa akisuka tenga.

"Mashamba mwaka huu mlilima upande gani?" aliuliza, ili tu kusema kitu.

"Mgongo wa mashariki. Karbari aligawa vizuri. Hlanue alipakana na Chaisui huku, na sisi tukapakana naye huku."

Memaching alisukuma sahani pembeni. Mpunga ukianza kuiva, hakuna mtu wa milimani anayelala nyumbani. Wote huhamia madunguni, juu ya nguzo, huko huko msituni, kufukuza nguruwe mwitu na kasuku, mpaka mavuno yaishe. Yeye mwenyewe amelala dunguni kila likizo ya utoto wake, akinuka moshi hadi darasani. Na karatasi za maabara, ambazo alizipitia kwa kalamu yake, ziliuliza kila mgonjwa: Unaishi wapi? Hakuna palipoulizwa: Ulikuwa unalala wapi? Mtu wa mjini angeweza kusahau hilo, angesamehewa. Yeye alikuwa mtoto wa dunguni, na amechora ramani ya watu wamelala kwenye nyumba tupu.

Kumbe mbu hakuvuka kitongoji. Aliuma dungu moja, akamalizia dungu la jirani, basi.

Angeinuka palepale aende kwa Karbari, mambo yangeisha. Lakini alipolipindua wazo lile kichwani, likaja na sura nyingine. Mwanamke kijana na mgane, madungu yamekaribiana, msituni, mume yuko mbali. Nikilisema hili, alijiambia, nitakuwa nimewalaza pamoja kwa mdomo wangu. Akaona afadhali auongopee umma. Atasema damu zilichanganyika maabara. Atajiaibisha yeye, atajiharibia kazi, lakini Hlanue atapona. Alijiona mtu mwema sana alipofika hapo.

Nyumba ya Hlanue ilionekana kutoka barazani. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Hakwenda. Aliona haya kumtazama usoni, na haya ile akaiita busara.

Asubuhi alipiga magoti mbele ya Karbari, akagusa sakafu kwa paji la uso kama inavyompasa aliyekosa.

"Kosa ni letu, babu. Damu ya Hlanue haikuwa hiyo. Vichupa vilichanganyika kule maabara. Ule mstari mwekundu si wa kweli."

Karbari alishusha pumzi. "Basi shauri limekwisha. Mashine ikikosea, mtu hahukumiwi. Nendeni mkale."

Mongsa alikuwa wa mwisho kuinuka. Alitabasamu upande mmoja. "Sawa, Daktari," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Dada kamsitiri dada. Nimeelewa."

Na wengine wote walielewa vilevile. Memaching aliwaona wakiangaliana walipokuwa wakivaa kandambili zao. Bibi Aprue, aliyekuwa hakosi la kusema, alikung'uta kiko chake, akaondoka bila utani.

Memaching alimkuta Hlanue akitwanga pilipili. Alitegemea nini, mwenyewe hakujua; labda kushikwa mkono.

"Nimemaliza," alisema. "Hawatakugusa tena."

Hlanue aliendelea kutwanga. "Umesema vichupa vilichanganyika."

"Ndiyo."

"Vilichanganyika kweli?"

"Hapana. Lakini ningefanyaje, mwenzangu? Ningesema kwamba..."

"Kwamba nini?"

Memaching alitazama nje. "Madungu yenu yalipakana. Nilidhani nikilitaja hilo..."

Mchi ulisimama.

"Mema," alisema Hlanue, "unajua nililala na nani dunguni? Na Nini. Chandarua kilikuwa kimoja na kina matundu, nikambana mtoto ndani, mimi nikalala nje. Mbu waliniuma hadi masikioni. Usiku kucha nagonga debe kufukuza nguruwe. Mjomba wako alikuwa ananipigia kelele kutoka upande ule, 'Hlanue, punguza, hata mimi sitalala!' Chaisui naye alikuwa anagonga lake. Kitongoji kizima kilituona kule juu, kila dungu na debe lake. Ungesema 'shambani', neno hilo moja tu, kila mtu angekumbuka alikuwa wapi."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Damu yangu umekaa nayo tangu mvua. Mimi niko hapa, simu ninayo, nyumba unaijua. Jana jioni nimewasha moto mapema, nikaweka na maji ya chai, nikasema Mema atakuja kuniuliza. Nikaona umekaa kwa mjomba wako umenipa kisogo." Alifuta jicho kwa mkono wenye pilipili, akaguna kwa maumivu. "Ulipoona hayo majibu yako, ulisema nini?"

Memaching alitazama kinu.

"Umesema, 'Hlanue, wewe!' Sivyo? Nakujua. Ungeamini kwamba sikufanya, ungetafuta kweli. Uliamini nimefanya, ndiyo maana ukatafuta uongo. Na sasa wote wamejua unaamini hivyo. Mongsa peke yake ningemmudu. Wewe ndiye uliyenimaliza."

Hakulia mbele yake. Alirudi kwenye kinu.

Memaching aliondoka karibu akikimbia, akamwomba Karbari awaite watu tena. Mzee alilalamika kwamba chakula kimepoa na magoti yanauma, ila akawaita. Alasiri walikuja, wengine wakitafuna, wakiwa na sura za watu wanaokwenda kutazama mchezo.

"Niliwadanganya asubuhi," alisema Memaching. "Vichupa havikuchanganyika. Mstari ule ni wa kweli."

"Subiri nikufuate," alisema Bibi Aprue. "Jana mashine nzima. Asubuhi mbovu. Sasa hivi imepona. Mashine hiyo nayo ina homa ya vipindi?"

Walicheka, na alistahili kuchekwa. Aliokota kaa lililozimika, akachora juu ya bango lake la gharama, pale palipokuwa peupe upande wa mashariki: mgongo wa kilima, bonde, madungu. Aliwaambia kwamba alichora nyumba zao kwenye siku ambazo hakuna aliyekuwa nyumbani. Kwamba mbu anajua damu, hajui ndoa. Kwamba mstari ule unasema tu watu wawili waliumwa na mdudu mmoja, na yeye, mtoto wa dunguni, ndiye aliyesahau dungu.

"Ni kweli tulikuwa kule," alisema mjomba wake kutoka nyuma. "Huyu mwanamke na debe lake! Sikupata usingizi mpaka mavuno."

"Na kitoto kinaimba," alidakia mwanamke mwingine. "Kila usiku wimbo uleule."

"Na mimi mbu walinitafuna kulekule," alisema Bibi Aprue, sasa bila utani. "Angalia, hata mimi bango lako limeniweka nyumbani."

Minong'ono ilibadilika sauti. Karbari alimtazama Chaisui, akamtazama Mongsa, akaona shauri limekwisha kweli mara hii, uso wake ukakunjuka. Lakini Mongsa aliinua mkono.

"Daktari, nina moja tu. Siku ulipoyaona hayo majibu kwenye mashine yako, wewe mwenyewe uliamini nini?"

Memaching alijua jibu la kujiokoa. Lilikuwa tayari kwenye ulimi. Mtaalamu haamini, mtaalamu anasoma tu. Kule Chattogram lingepita bila mtu kukohoa. Alimtafuta Hlanue kwa macho, akamwona amesimama penye ngazi, Nini ubavuni.

"Niliamini kama wewe," alisema. "Nilicheka, nikaamini. Sikumuuliza."

Mongsa aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu jana alikuwa na sura ya mtu aliyekosa, na akageuka kumwelekea mkewe. "Mama Nini," alisema, "basi yamekwisha. Twende nyumbani."

"Kwenu yamekwisha," alisema Hlanue.

Alisema kwa utulivu, akimtazama mmoja, kisha mwingine. "Huyu ni mume wangu, na yule tulilala mkeka mmoja. Nyote wawili mmesema mbele za watu mliniona mtu wa namna gani. Nimewasikia." Akamshika mtoto mkono. "Karbari, mimi sina kosa?"

"Huna kosa, mwanangu."

"Basi mtoto wangu naenda naye kwa mama. Baba yake akitaka kumwona, njia anaijua."

Karbari alimtazama Mongsa, na Mongsa akasogea pembeni kuwapisha. Hakuna aliyeinuka kuwazuia.

Memaching alimkuta nyumbani kwake anapanga vitu kwenye tenga: sufuria, nguo za mtoto, kile chandarua chenye matundu. Alisimama mlangoni bila kukaribishwa. Alitaka kusema nisamehe, akaona neno lenyewe ni kuomba tena kitu kutoka kwa mtu aliyekwisha kumnyang'anya.

"Nikubebee tenga mpaka mtoni," alisema.

"Hapana." Hlanue aliweka ukanda wa tenga kwenye paji la uso, akainuka nalo kwa mkupuo mmoja. "Mwakani mtakuja tena kuchukua damu?"

"Sijui kama watanituma mimi."

"Mje. Watoto wanaugua kule kwa mama pia. Kidole nitakupa." Alishuka ngazi, Nini mbele yake, kisha akageuka nusu, kadiri mzigo ulivyomruhusu. "Lakini ukija, usipande kwangu. Chukua damu yako chini ya ngazi, uende. Chai sitakupikia."